Meneja Yuko Kikaoni

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza. Mkulima atashangilia, lakini kwa dobi huu ni msiba mdogo. Kamba zimeingia hadi chumbani kwangu, na hapa ninapoandika kuna shuka la nyumba ya wageni linanidondokea begani.

Daftari hili kanitumia mwanangu, baada ya muuguzi wa zahanati kunikaripia kuhusu presha. "Mama, kila siku andika ulichoufanyia mwili wako." Haya. Leo nimepiga pasi tangu asubuhi hadi mgongo ukaniita kwa jina. Kama hayo si mazoezi, basi mimi sijui mazoezi ni nini.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Taulo hazikauki.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimepanda jimu. Ningesimuliwa hili na mtu mwingine, ningecheka.

Jimu yenyewe iko ng'ambo ya barabara, juu ya duka la samani. Taulo zao nafua mimi, na shati za wafanyakazi wao napiga pasi mimi. Anayezileta ni kijana mmoja wa mauzo ambaye nimempa jina la Asali, kwa sababu ya mdomo wake. Huyo hata akikuomba chenji unahisi umepewa zawadi.

"Mama, taulo zetu unazijua zote, ngazi zetu huzijui hata moja? Njoo wiki moja. Bure, bila masharti."

Nikamwambia nitafikiria. Kwa mtu yeyote mwenye akili, "nitafikiria" maana yake ni hapana. Asali akasema, "Basi twende ukafikirie ukiwa kule," akanishika mkono, akanivusha barabara na mwavuli wake. Nikaona haya kugoma mbele ya wateja.

Kule juu akanipa kishikwambi nijaze. Jina, mwaka wa kuzaliwa, maradhi. Halafu pakawa na pahali pa kuandika mtu wa kupigiwa simu likitokea la kutokea. Hapo nikakwama. Miaka yote niliandika mume wangu, na sasa simu ya marehemu imezimwa ndani ya kabati. Mwanangu yuko mbali, akipigiwa atafanya nini zaidi ya kulia? Namba nyingine niliyo nayo kichwani ni moja tu, ya wifi. Nikaiandika.

"Na hapa weka kidole, mama. Hii ni ya bima tu, usije ukateleza."

Nikaweka kidole.

Kuhusu wifi. Ni dada wa marehemu, mkunga, mtu wa sauti kubwa na mikono mizuri. Zamani tulikuwa chanda na pete. Siku tuliyomzika mume wangu akasema mbele ya watu, "Kaka yangu angekuwa hai kama mkewe angemfikisha hospitali mapema." Nami nikamjibu, mbele ya watu wale wale, "Na wewe unayevaa sare nyeupe, mbona hukuona?" Maji yakimwagika hayazoleki. Tangu siku hiyo ikaja mvua, ikaisha, ikaja nyingine, na sisi tukikutana ni salamu tu, kama watu waliopanga foleni moja. Sare zake anapeleka kwa dobi mwingine. Nimeziona barabarani, kola zimepigwa pasi vibaya.

Namkumbuka sana. Naandika hapa kwa sababu hatasoma.

Jumatatu, 10 Machi

Asali amepiga simu. "Mama, habari njema! Wifi yako amejiandikisha. Anasema atakuwa anakuja Jumanne na Ijumaa jioni, na angependa sana mfanye pamoja."

Nilikuwa nimesimama. Nikakaa juu ya kapu la nguo chafu. Nikamuuliza, "Amesema hivyo mwenyewe?"

"Kwa mdomo wake, mama. Nikuandike Jumanne na Ijumaa?"

Nikamwambia niandike. Wiki ya bure nilikuwa sijaenda hata siku moja.

Jumanne, 11 Machi

Alikuwepo.

"Wifi."

"Wifi."

Tukasimama pale mlangoni kila mmoja akitazama viatu vya mwenzake. Kisha yeye akanitazama miguuni, akapanda na macho taratibu, akasema, "Umepiga pasi suruali ya mazoezi?"

Nilikuwa nimeipiga. Hata mkunjo niliuweka, umenyooka kama rula. Nikamwambia mkono ulienda wenyewe. Akageuka upande haraka, lakini nilimwona mabega yakitikisika. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu, ukiacha salamu, tangu makaburini.

Mwalimu wetu wa mazoezi ni dada mfupi asiyejua kuhesabu kupita moja. Ukifikiri umemaliza, anasema, "Moja tena." Ukimaliza hiyo, "Moja tena." Wifi amembatiza Moja-Tena hapo hapo, na dada mwenyewe amelipenda.

Jumatano, 12 Machi

Siwezi kuinua pasi. Mvua.

Ijumaa, 14 Machi

Tumekimbia bega kwa bega kwenye mashine bila kufika popote. Hatukusema mengi. Leo nitalala vizuri.

Jumanne, 18 Machi

Wifi amesahau mwavuli. Tumetumia wangu, kila mmoja akilowa upande mmoja. Nimemfikisha hadi kona ya kwao. Alipofika akasema, "Haya, wifi, tutaonana Ijumaa," akaingia upesi.

Ijumaa, 21 Machi

Moja-Tena anasema goti langu la kulia ni vivu. Wifi anasema hilo goti analijua tangu harusi yangu, lilikataa kucheza. Nimecheka hadi mashine ikasimama. Nimekumbuka kwamba harusini alinishika mkono usiku kucha, kwa sababu mimi nilikuwa mgeni katika ukoo wao na nilikuwa naogopa. Mtu anayekasirika anasahau vitu muhimu.

Jumanne, 25 Machi

Mvua usiku na mchana. Chumba kinanuka mbwa, na sina mbwa. Nimeenda hata hivyo.

Jumanne, 1 Aprili

Leo simu imeniletea ujumbe kwamba nimekatwa ada ya mwezi, na juu yake ada ya mwalimu binafsi. Nikavuka barabara na ndara.

Asali alikuwa mapokezi, shati lake (nililipiga mimi) linang'aa. Nikamwambia ada ya nini, wakati alisema bila masharti?

"Wiki ndiyo haikuwa na masharti, mama. Baada ya wiki unaingia kwenye mkataba wa mwaka. Uliweka kidole."

"Uliniambia ni bima."

"Bima imo humo humo."

"Na mwalimu binafsi? Tuko watu wawili kwa mwalimu mmoja!"

"Kila mmoja wenu ana mwalimu binafsi, mama. Ni bahati tu kwamba ni yule yule."

Nikamwambia basi najitoa. Akasikitika kabisa, usoni mwake ungefikiri amefiwa. Kujitoa ni lazima nimwone meneja, ana kwa ana. Na meneja?

"Meneja yuko kikaoni."

Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe nimelifunga kwa kidole changu. Lakini kinachonikosesha raha ni kingine. Wifi ndiye aliyetaka tuje. Nikimwambia najitoa, ataelewa nini? Ataelewa kwamba namkimbia yeye. Kwa hiyo nimekwenda mazoezini jioni, na sikusema neno.

Alhamisi, 3 Aprili

Meneja yuko kikaoni.

Jumatatu, 7 Aprili

Kikaoni.

Jumanne, 8 Aprili

Wifi leo hakuwa mchangamfu. Nilimuuliza kama ni zamu za usiku, akasema ndiyo. Mimi aliniuliza kama ni mvua, nikasema ndiyo.

Jumatano, 9 Aprili

Asubuhi nilisema nitamvizia meneja kabla hajaingia kikaoni. Nikapanda ngazi mapema, mwavuli kwapani. Kwenye benchi la mapokezi amekaa wifi, na sare yake ya kazi, mkoba magotini. Siku ya Jumatano. Tukatazamana kama watu waliofumaniwa wakiiba sukari.

"Unafanya nini hapa?" akaniuliza.

"Wewe je?"

Akajikohoza. "Namsubiri meneja."

"Kwa nini?"

Akafunga zipu ya mkoba. Halafu akasema taratibu, "Wifi, usinielewe vibaya. Ada yao imenishinda. Mimi nilikuja kwa sababu yako tu. Uliponiomba, nilisema siwezi kukataa."

"Nilipokuomba? Mimi?"

"Si ulimtuma yule kijana anipigie? Akasema, 'Wifi yako ameshajiandikisha, anakuomba muwe wote.'"

Nikaweka mwavuli chini. Nikamwambia kwamba kijana huyo huyo alinipigia mimi, akaniambia wifi ndiye aliyejiandikisha na ndiye aliyeniomba.

Ilichukua muda. Niliona uso wake ukibadilika, kama mtu anayesoma ujumbe akirudia mstari. Akasema, "Kwa hiyo hukuniomba."

"Sasa wewe je, uliniomba?"

"Hapana."

Ningeweza kusema jambo hapo. Ningeweza kusema hata kama sikuomba, nilifurahi. Badala yake nikatazama maji yakidondoka kwenye mwavuli wangu. Naye akasimama, akasawazisha sare, akasema kwa sauti ile ya wodini, "Basi tusisumbuane," akashuka ngazi. Kulikuwa kunanyesha kwelikweli. Hakufungua mwavuli.

Asali akatokea na tabasamu lake. "Mama, meneja yuko..."

Nikamwambia anyamaze. Naye, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akanyamaza.

Nimekasirika leo hadi nimeunguza foronya ya watu. Sikumkasirikia Asali peke yake. Nimejikasirikia na mimi, mwanamke mzima, ambaye kwa mwezi mzima aliamini kuwa amesamehewa, kumbe ameuziwa.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimekwenda. Hakuja. Moja-Tena ameuliza, nikasema ana zamu.

Jumanne, 15 Aprili

Hakuja.

Ijumaa, 18 Aprili

Hakuja. Mimi pia sikwenda.

Jumapili, 20 Aprili

Leo nitaandika kirefu, na mkono ukichoka nitaupumzisha kisha niendelee.

Jumapili huwa nafungua nusu siku. Nilikuwa nanyunyizia wanga kwenye kola mlango uliposukumwa, akaingia wifi amelowa, na furushi kifuani. Akaliweka juu ya meza ya pasi. Sare zake, zote.

"Dobi wangu kashindwa na mvua," akasema. "Zinanuka."

Nikazifungua. Zilikuwa zinanuka kweli. Nikaanza kuzitenga, maana sikujua kingine cha kufanya na mikono yangu. Akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Nina swali moja," akasema. "Yule kijana aliponipigia, kabla ya mengine yote, alisema hivi: 'Wifi yako amekuandika wewe kuwa ndiye mtu wa kupigiwa likitokea la kutokea.' Nimekuwa nikijiuliza juma zima. Hilo nalo ni uongo?"

"Hilo ni kweli."

"Uliniandika mimi?"

"Nilikuandika wewe."

"Pamoja na yote niliyokwambia?"

Nikamwambia kwamba sikuwaza yote aliyoniambia. Niliwaza tu kwamba nikianguka, nani atakuja akikimbia, na jibu likaja lenyewe kabla hasira haijaamka.

Wifi yangu, ambaye amepokea watoto wa mtaa mzima bila kutoa chozi, akajifunika uso na kitambaa cha mkononi. Alipokitoa akasema, "Kaka alinificha ugonjwa wake hata mimi. Nilikuja kwenu wiki ile ile aliyofariki, akanichekesha, nikaondoka. Mimi mkunga, wifi. Nikakaa naye mezani nisione. Pale makaburini nilihitaji mtu wa kumtupia lawama, na wewe ndiye uliyekuwa karibu."

Nami nikamwambia kwamba alinificha na mimi. Alikuwa anakohoa bafuni, amefungua bomba ili nisisikie, nami nilimgombeza kwa kupoteza maji. Hilo sijawahi kumwambia mtu.

Tulilia, naandika wazi. Mteja mmoja alichungulia, akaona, akarudi na furushi lake.

Baadaye wifi akapangusa pua, akainuka, akaivuta kola ya lile shati la Asali nililokuwa nalipiga, akasema, "Na huyu mwenye midomo, mwenye shati hili, tunamfanyaje?"

Nimeshukuru leo. Nimeshukuru kwa mvua iliyomshinda dobi mwingine. Nimeshukuru hata kwa lile swali la kwenye kishikwambi, ambalo lilikuwa kitu pekee cha kweli katika biashara yao nzima.

Jumanne, 22 Aprili

Tumerudi mazoezini wote wawili. Katika chumba cha kubadilishia nguo wifi akauliza kwa sauti yake, kama anaita mgonjwa, "Hapa nani aliambiwa kwamba mwenzake ameshajiandikisha?" Mwanamke mmoja, mwalimu wa hesabu shuleni, akainua mkono, yeye aliambiwa kuhusu dada yake. Muuza mikate naye, kuhusu jirani yake. Na wote wanamtafuta meneja. Na meneja, kumbe, yuko kikaoni kwa kila mtu.

Tumekubaliana kila mmoja aandike barua ya kujitoa, aeleze alichoambiwa. Zote zikae kwangu.

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua haijakatika tangu Jumatano. Nataka ieleweke katika daftari hili kwamba sikuficha taulo ya mtu. Zilikuwa zimening'inia kamba baada ya kamba, zimelowa, na mtu yeyote angeweza kuzishika.

Mchana akaja Asali anakimbia. "Mama, taulo! Watu wanajifuta kwa fulana zao!"

Wifi alikuwa kwenye kiti cha wateja anakunywa chai. Hata hakugeuka. "Taulo ziko kikaoni," akasema.

Asali akatazama kamba, akatutazama. "Zitatoka saa ngapi?"

"Kikao hakina saa, mwanangu. Mwambie meneja aje aziulize mwenyewe, ana kwa ana."

Chai haijapoa, mlango ukafunguliwa, akaingia mtu mwembamba wa miwani, suruali imelowa hadi magotini, na Asali nyuma yake. Meneja! Mwezi mzima tumemtafuta, kumbe dawa yake ni taulo. Nikamkaribisha, nikamwonyesha taulo, akazishika mwenyewe akakubali kwamba ni mvua. Kisha nikamwekea zile barua mezani. Mwalimu wa hesabu na muuza mikate walikuwa wameshaingia. Wifi aliwapigia simu mbio mbio.

Meneja akasoma. Akasema kwa upole, "Lakini kina mama, mbona hamkuja ofisini?"

Muuza mikate alicheka hadi akashika ukuta.

Alipoona hatuendi popote, akajaribu njia nyingine. Mkataba ni mkataba, kidole ni kidole, na kama kuna mfanyakazi aliyesema visivyo, hilo ni kosa la mfanyakazi. Hapo macho yote yakamgeukia Asali. Nilifikiri ataruka na maneno yake matamu. Alikuwa ameinamisha kichwa. Akasema, "Meneja, karatasi ya kupigia simu ulitupatia wewe. Mstari wa kwanza: 'Mwambie jamaa yake ameshajiandikisha.' Mimi niliisoma tu." Halafu akanigeukia. "Mama, nisamehe. Nilijua si kweli."

Njia ya mwongo fupi. Meneja akavua miwani, akaifuta kwa taulo mbichi ikazidi ukungu, akaomba kalamu. Ametutilia sahihi barua zetu zote, moja moja, kwamba hatudaiwi na hatukatwi tena. Ya Aprili atarudisha. Wifi akazisoma zote kabla hajamruhusu kuondoka, mstari kwa mstari, kidole chake kikiwa mbali na karatasi.

Asali nimemwambia asubiri. Nikampa shati zake, zimenyooka. Hakustahili, lakini alisema kweli mbele ya mkubwa wake, na mimi sijaona wengi wakifanya hivyo.

Jumanne, 29 Aprili

Muuguzi amenipima. Presha imeshuka. Ameniuliza natumia nini, nikamwambia moja tena. Hakuelewa.

Ijumaa, 2 Mei

Ada ya Aprili imerudi. Asali amekuja kuaga, amepata kazi duka la viatu. Nimemwambia asiwaambie watu kwamba kiatu kitapanuka.

Jumapili, 4 Mei

Jua nusu siku. Nimetoa kamba nje. Moja-Tena amepita dukani, akasema goti langu lisilale: ngazi za sokoni zipo, na hazina mkataba. Nimemshukuru. Kwa ada niliyomlipa bila kujua, yeye peke yake ndiye aliyenipa kitu.

Jumatatu, 5 Mei

Nimekuwa nikiwaza jambo la kipumbavu. Wifi tumepatana, hilo najua. Lakini kesho ni Jumanne, na hatuna tena mkataba. Ana zamu, ana nyumba, ana miguu inayomuuma. Nimesema sitampigia. Akiombwa hawezi kukataa, alishasema mwenyewe, na mimi sitaki tena aje kwa sababu hawezi kukataa.

Jumanne, 6 Mei

Jua siku nzima. Kila kitu kimekauka, hata chumba changu kimerudi kuwa chumba. Jioni nilifunga duka, nikavaa viatu vya mazoezi, nikavivua, nikajiambia ngazi za sokoni hazikimbii, nikavivaa tena.

Nilipofungua mlango alikuwa amesimama nje, mkono juu, anataka kubisha. Amevaa suruali ya mazoezi. Amejitahidi kuipiga pasi mwenyewe. Mguu mmoja una mikunjo miwili na mwingine hauna hata mmoja.

Nilitaka kucheka, badala yake nikaufunga mlango nyuma yangu. Nikamuuliza, "Nani kakwambia uje?"

"Hakuna aliyeniambia," akasema wifi. "Twende, giza litatukuta."